Siku Moja Maishani Mwangu: Jipu Linalopumua

Saa 2:15 asubuhi
Mgonjwa wa kwanza ni kijana aliyefanya kazi kwenye misitu ya Belize, Amerika ya Kati, amerudi wiki 5 zilizopita. Kavaa kofia na hataki kuivua. "Dokta, usinicheke. Kuna kitu kinatembea humu kichwani." Usiku kinamchoma kama sindano, halafu kinatulia. Alikotangulia kutibiwa waliandika jipu, na ameshamaliza dozi mbili za antibiotiki bila nafuu.

Simcheki. Mgonjwa akisema kitu kinatembea chini ya ngozi, na ametoka kule, nusu ya uchunguzi keshanifanyia.

Nagawa nywele. Uvimbe mwekundu, mgumu, mkubwa kama harage, na katikati kuna kitundu kinachochuruzika majimaji yenye damu kidogo. Jipu lingekuwa limeshaiva na kupasuka. Hili lina wiki 4, usaha hakuna, homa hakuna. Nadondosha tone la maji ya chumvi juu ya kitundu, nasogeza taa, nashusha lenzi. Kimya. Kisha kinapanda kipovu kimoja, kinapasuka. Kingine. Ncha nyeupe inachungulia, inazama tena.

Ni buu wa inzi anayeitwa Dermatobia hominis, anayepatikana kuanzia Meksiko hadi kaskazini mwa Argentina. Inzi huyu hamgusi mtu. Humkamata mbu, akambandika mayai tumboni, akamwachia. Mbu akitua kunyonya damu, joto la ngozi linayaangua mayai na buu anajipenyeza ndani. Asipotolewa, hukaa wiki 5 hadi 12, kisha hutoka mwenyewe na kuanguka ardhini.

"Basi mvute, dokta!" Hapana. Mwili wake una safu za miiba iliyoelekea nyuma. Ukimvuta kwa nguvu anakatika, na kipande kinachobaki ndicho kitakacholeta uvimbe na maambukizi. Anapumulia kile kitundu, kwa hiyo tunamnyima hewa kwanza. Napaka mafuta ya mgando kwa wingi, nafunika, namwambia asubiri.

Saa 5:00 asubuhi
Mama ana mtoto wa miezi 8 mwenye majipu saba mgongoni na matakoni. Kila moja lina kitundu. Nauliza nguo zinaanikwa wapi. Kwenye nyasi, kivulini.

Huyu ni inzi wa tumbu, wa Afrika kusini mwa Sahara. Hutaga kwenye mchanga au nguo zenye unyevu, na buu huingia ngozi inapogusana na nguo. Hukomaa haraka, siku 8 hadi 12, na kumtoa ni rahisi: mafuta, kusubiri, kisha kuminya taratibu kwa vidole gumba viwili. Saba wote wametoka. Mama analia, anadhani amemtunza mwanawe vibaya. Namshika mkono. "Mama, si uchafu. Hata nguo iliyofuliwa vizuri inatagiwa. Piga pasi ya moto pande zote mbili, na mishono usiiruke." Anarudia maneno hayo mpaka ananyamaza kulia.

Saa 8:00 mchana
Narudi kwa kijana. Nafunua: buu amejisogeza juu kutafuta hewa, lakini hajatoka. Namchoma dawa ya ganzi chini kabisa ya uvimbe, polepole, ili dawa yenyewe imsukume kutokea chini. Sista anabana pembeni, mimi nina kibano. Sehemu hii haitaki haraka. Namshika, nangoja alegee, anateleza nje mzima, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Nageuza chini ya lenzi, nakagua mwanzo hadi mwisho kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Nasafisha shimo, silishoni, litaziba lenyewe. Chanjo ya pepopunda, maana hakumbuki ya mwisho alichoma lini. Antibiotiki simwandikii, hakuna maambukizi. Ameshameza za kutosha bila sababu, na hilo linaniuma, kwa kuwa swali moja tu la safari lingemwokolea wiki kadhaa za usiku bila usingizi.

Anaomba kumwona buu. Anamtazama muda mrefu bila neno.

Saa 10:30 jioni
Buu yumo kwenye chupa ya spiriti. Naandika lebo ya maabara: tarehe, kichwani, Belize. Kijana bado yuko kwenye benchi la nje, kiganja juu ya bandeji.

"Vipi?"

"Nasikiliza, dokta. Kumetulia."