Mama na Mwani wa Omey

Juma lililopita kitinda mimba wangu alikuwa amekaa mezani na boksi la maziwa ya chokoleti, akisoma maandishi ya ubavuni kama anavyosoma kila kitu tangu alipozijua herufi. Alipofika kwenye neno moja alikwama, akalivunja vipande vipande kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mama, karaginani ni nini?" Nilikuwa na haraka, nikamjibu kwamba ni kitu kinachoyafanya maziwa yawe mazito na kwamba kinatokana na mwani. Akaniangalia. "Mwani wa Bibi?"

Sikumjibu, kwa sababu swali lake lilinirudisha ufukweni, Juni 2014, mama alipokuja Galway, Ayalandi, kwa mara ya kwanza na, mpaka leo, ya mwisho. Nilikuwa nimempangia ziara ya Connemara, upande wa magharibi wa Galway, kwa miezi mingi. Nilitaka aione nchi iliyomchukua binti yake, aone milima, maziwa na majumba ya mawe, ili akirudi Paje, kijijini kwetu Zanzibar, awe na la kuwahadithia wenzake. Mwani haukuwamo kabisa katika mipango yangu.

Usiku wa kuamkia safari nilimkuta amesimama kwenye dirisha la jikoni, anautazama mwezi uliokuwa umekaa chini karibu na mapaa, maana huku wakati wa kiangazi mwezi mpevu haupandi juu. Nisfu Shaaban ilikuwa imetupita punde tu. "Mwezi umetimia," akasema. "Kesho maji ya bamvua. Saa nne na nusu pwani itakuwa kavu." Mume wangu alifungua jedwali lake la maji kujaa na kupwa, akamwambia kwa adabu kwamba kwa huku ni kama saa saba mchana. Mama hakubisha, lakini nilimwona kwamba hakukubali. Kwetu, mwezi ukifika pale, saa ya maji inajulikana hata na mtoto.

Tuliondoka saa moja asubuhi ya Jumamosi ya tarehe 14: mume wangu kwenye usukani, mama pembeni yake na kanga mbili juu ya sweta, mimi nyuma na mwanetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Tukapita Oughterard na Maam Cross, tukawa na vilele vya Twelve Bens upande wetu wa kulia, na kondoo waliotiwa rangi mgongoni wakitembea katikati ya barabara. Clifden tulikunywa chai. Kutoka hapo tukaenda Derrygimlagh, kwenye kinamasi alichoshukia Alcock na mwenzake Brown tarehe 15 Juni 1919, baada ya kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kutua, watu wa kwanza kufanya hivyo. Mama alisikiliza, akauliza kama waliumia, akaambiwa kwamba pua ya ndege ilizama kwenye tope lakini wao walitoka wazima. Akamshukuru Mungu kwa niaba yao, na safari ikaendelea.

Omey ni kisiwa cha kuvuka kwa miguu. Maji yakipwa, bahari kati yake na kijiji cha Claddaghduff huwa uwanja mpana wa mchanga mgumu, na watu hupita juu yake kwa miguu, kwa gari au kwa farasi, wakifuata nguzo zilizosimikwa kuonyesha njia. Yakijaa, hakuna njia. Tulifika Claddaghduff saa nne na nusu, saa ileile aliyoitaja mama, na mkondo wa katikati bado ulikuwa na maji. Alisimama kando ya gari akiyatazama kwa muda, kisha akacheka kwa sauti. "Basi bahari ya huku inachelewa kuamka." Tukangoja. Ilipotimia saa tano na nusu tukavua viatu.

Nguzo zile mama hakuzifuata. Aliufuata mchanga, akipinda pale ulipokuwa laini, mpaka tukafika upande wa pili, na badala ya kupanda kisiwani nasi kwenda kuyaona magofu ya Teampall Féichín, kanisa la kale ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limefukiwa na mchanga, alijifunga kanga kiunoni na kushika njia ya ukingoni kuelekea kwenye miamba ya nje, inayoonekana wakati wa bamvua tu. Nilimwita. Hakugeuka. Nikamwachia mume wangu mifuko, nikamfuata na mtoto.

Nilipomfikia alikuwa amechuchumaa mbele ya mwamba, mikono yote miwili imo ndani ya maji baridi kama ya friji. Kwenye mwamba ule palikuwa na mwani mfupi, wa rangi ya zambarau iliyoiva karibu kuwa nyeusi, uliogawanyika mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka ukawa kama kipepeo kidogo. Na uliokuwa bado chini ya maji ulitoa mng'ao wa samawati kwenye ncha zake. Mama aliushika kichala kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua, akakinusa, akakitafuna kidogo. Kisha akakikata kwa ukucha, juu kidogo ya shina, akaliacha shina pale pale mwambani.

"Ndugu yake," akasema. "Si wetu, lakini ni ndugu yake."

Lazima niseme hapa yale ambayo sikuwa nimeyasema kwa muda mrefu hata nyumbani kwangu. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliokipokea mapema. Vigingi, kamba, na taitai, vile vipande vya uzi vya kufungia mbegu moja moja, ndivyo vilivyokuwa vitu vya nyumba yetu. Sare yangu ya shule, daftari na nauli vilitoka baharini. Nilikwenda naye shambani kila bamvua, maji ya kiunoni, jua la utosini, na kurudi na gunia la mwani mbichi lililokuwa likivuja maji ya chumvi mgongoni. Kilo moja kavu ilihitaji kilo saba, nane, hata kumi mbichi. Kisha nikasoma, nikaondoka, na nikajizoeza kusema kwamba mama yangu ni mkulima, bila ya kutaja wa nini. Siku ile, nilipouona mkono wake ukikata bila kung'oa, nilikumbuka kwamba mkono ule ndio ulionifundisha nami kuacha mbegu, na kwamba nilikuwa nimeusahau.

Tulikuwa bado hapo alipotokea bibi mmoja kutoka nyuma ya mwamba, mzee kuliko mama, amevaa buti za mpira na koti la mvua, na ndoo nyeupe ya plastiki mkononi. Ndani ya ndoo mlikuwa na mwani uleule. Mama alisimama mara moja. "Mwambie shikamoo," akaniambia. "Huyu ni mkubwa kwangu." Kabla sijatafuta maneno, mwanangu alikwishamwambia yule bibi kwa Kiingereza kwamba bibi yake anampa heshima yake. Yule mzee akaitua ndoo, akaufuta mkono wake kwenye koti, na kumpa mama mkono akiinamisha kichwa. Sina hakika kama marahaba ingesema zaidi ya hapo.

Kisha akachukua kichala kutoka mkononi mwa mama na kusema, "Carraigín." Akaeleza, na mtoto akatafsiri: carraig ni mwamba kwa Kiayalandi, na carraigín ni mwamba mdogo. Huuanika juu ya majani, mvua na jua vikipokezana juu yake, mpaka zambarau yote itoke na ubaki mweupe wa maziwa. Halafu hurowekwa, huchemshwa katika maziwa, huchujwa na kuachwa ugande. Mama yake alikuwa akiwapa kwa kikohozi, ukiwa na asali na limau.

Mama alikuwa ameacha kusikiliza tangu lile neno la kwanza. "Karagini," akarudia. "Karagini! Ndilo neno walilokuwa wakilitaja wanunuzi kwenye mkutano, mwaka ule wa mwanzo. Wakisema mwani wetu unakwenda Ulaya kuwa karagini. Sisi tukirudi nyumbani tukabishana, huyu anasema ni rangi, huyu sabuni, huyu dawa ya meno." Akakitazama kichala. "Kumbe unaliwa."

Ni kweli kwamba jina la karaginani, ule unga wa viwandani, limetokana na neno lile la miamba ya Ayalandi. Wa Omey na wa Paje si mwani mmoja, lakini unga unaotolewa ndani yao ni wa ukoo mmoja. Hayo niliyajua mimi niliyesoma. Yeye aliyeulima kwa zaidi ya miaka 20 aliyajua siku ile, magoti yakiwa majini, kutoka kwa mwanamke asiyejua neno lake hata moja.

Walichuma pamoja kwa muda wa nusu saa hivi. Hawakuzungumza. Yule bibi aliona kwamba mama anaacha mashina, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na tangu hapo akawa anamwonyesha kwa kidole miamba iliyo bora. Mama aliweka vichala kwenye ncha ya kanga, akimwambia mjukuu wake kwamba huku mwani una bahati, maji ni baridi, hauugui. Kwetu ule aina ya kotoni, uliokuwa na bei nzuri zaidi, uligeuka mweupe na kukatika tangu maji yalipoanza kupata joto. Mimi nilisimama na kuwatazama migongo, mmoja wa koti la mvua na mmoja wa kanga, ikiinama na kuinuka. Kisha, kwa wakati mmoja, bila ya wimbi lolote nililoliona mimi, wote wawili wakanyanyua vichwa na kutazama upande wa bahari kuu.

"Yamegeuka," mama akasema, akafunga fundo la kanga. Yule bibi alikuwa ameshashika ndoo yake. Mume wangu, kule juu, alikuwa bado anatazama saa.

Yaliyobaki ya siku ile yalikwenda upesi. Tulivuka, tukala samaki, na jioni tulifika Kylemore, kasri ambalo Mitchell Henry alianza kumjengea mkewe mwaka 1867 na ambalo tangu 1920 limekuwa la watawa. Picha tulizopiga pale ni nzuri, na mama anaonekana amechoka na ametosheka.

Lakini katikati, tuliporudi Clifden kununua maji, mama aliingia nasi dukani na kuuona rafuni. Ulikuwa umekauka, mweupe wenye wekundu kidogo, ndani ya pakiti ya gramu 40 yenye picha ya miamba. Aliushika kwa mikono miwili. "Huu wanauza ngapi?" Bei ilikuwa yuro tatu na nusu. Yuro moja wakati ule ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 2,200, na mama, msimu uliotangulia, alikuwa ameuza kilo moja kavu kwa shilingi 400. Nilipiga hesabu kichwani kabla sijafungua mdomo: pakiti ile ya kutosha kiganjani ilikuwa karibu sawa na kilo 20 za kwake, gunia zima alilolibeba, kulianika na kulilinda na mvua. Najua kwamba bei ya rafuni si bei ya pwani, na kwamba ule wa Omey ni wa kuchumwa mwambani kwa mkono, si wa kulimwa na kupelekwa kiwandani. Najua yote hayo. Nilimwambia, "Shilingi elfu mbili."

Alinyamaza. Midomo yake ilitikisika kidogo kama anayehesabu tasbihi.

"Kilo tano," akasema.

Nilimnunulia pakiti ile, na garini, kabla sijampa, niliibandua karatasi ya bei kwa ukucha. Haikutoka vizuri, ilibakisha gundi. Njia nzima ya kurudi Galway alikuwa ameipakata mapajani, anatazama milima, na kidole gumba chake kikipita na kurudi juu ya sehemu ile yenye kunata. Hakuniuliza kitu. Kwa miaka yote hii sijui kama nilimpunguzia uchungu au nilimnyima haki yake ya kujua, na kila ninapokaribia kumwambia hufikiri kwamba sasa amepumzika, hashiki tena kamba, ya nini kumpa hesabu mpya.

Nimemwahidi mwanangu kwamba Ijumaa, baada ya Bibi kurudi kutoka darasani, tutampigia simu ili amweleze mwenyewe mwani ni nini na ulikuwa ukifungwaje. Amelisuuza boksi lile, amelikunja na kuliweka chini ya mto wake, ili amsomee neno lenyewe lisimpotee. Jana usiku, nilipokwenda kumfunika, aliniuliza kama Bibi alikuwa akilipwa pesa nyingi.