Huduma Inapogoma Kuwaka Upya kwenye Linux

Huduma inapogoma kuwaka upya kwenye seva ya Linux, wengi hukimbilia kurudia amri ileile ya systemctl restart, na hapo ndipo tatizo moja linapozaa la pili. Systemd, inayosimamia huduma katika Ubuntu, Debian, Fedora na nyinginezo nyingi, kwa kawaida huruhusu huduma iwashwe mara 5 tu ndani ya sekunde 10; ikizidi hapo, hukataa na kuandika kwamba ombi limerudiwa upesi mno. Ujumbe huo ni matokeo, si chanzo, lakini kwa kuwa ndio unaokaa mwishoni mwa kumbukumbu za matukio (logi), ndio unaotafutiwa dawa. Aliyeweka Restart=always, yaani huduma iwashwe upya kila inapozimika, kwenye faili la huduma huukuta mapema zaidi, maana systemd husubiri milisekunde 100 tu kati ya jaribio na jaribio.

Kwa hiyo nasisitiza: panda juu kwenye kumbukumbu hizo. Amri ya journalctl -u, ikifuatiwa na jina la huduma, itakuonyesha tatizo lilipoanzia, na mara nyingi sababu imeandikwa hapo waziwazi. Namba 217/USER ina maana kwamba mtumiaji aliyetajwa kwenye faili la huduma hapatikani. Namba 203/EXEC husema programu yenyewe haikuweza kuendeshwa: pengine njia ya faili imekosewa, au faili halina ruhusa. Sura yake inayosumbua kuliko zote ni ya skripti iliyoandikwa kwenye Windows, ambayo kila mstari huishia na herufi ya ziada isiyoonekana, hivyo Linux hutafuta /bin/bash yenye mkia wa herufi hiyo na kuikosa, ilhali ukilifungua faili huoni kasoro yoyote. Amri ya cat -A huifichua kwa alama ya ^M.

Kwa nginx, programu ya seva ya tovuti, kumbuka kwamba restart huzima kwanza ndipo iwashe, kwa hiyo nukta-mkato moja iliyosahauliwa katika mipangilio yatosha kuilaza tovuti nzima. Anza na nginx -t, inayokagua mipangilio, kisha tumia reload, ambayo huiacha mipangilio ya zamani ikiendelea kufanya kazi endapo mipya ina kosa. Kama poti ya 80, inayotumiwa na tovuti, imeshikwa na Apache, seva nyingine ya tovuti, sudo ss -ltnp itakutajia mshikaji.

Ukishasahihisha faili la huduma, endesha systemctl daemon-reload ili systemd ilisome upya, ufute hesabu ya majaribio kwa systemctl reset-failed, ndipo uiwashe huduma.