Mbuzi Kwanza, Watu Baadaye

Mwaka 2023, zilipokuja mvua za El Niño, maji yalituvamia siku ambayo jua lilikuwa linawaka. Ukimweleza mtu wa Malindi mjini anakutazama tu. Lakini sisi tunaokaa ukingoni tunajua kwamba maji ya Sabaki si ya mvua yetu peke yake. Ni Mto Athi huo huo. Unaanzia bara, unapita Ukambani, ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu ndio Sabaki. Kwa hiyo kutazama mawingu ya hapa ni kazi bure. Tazama rangi ya mto. Ukigeuka mwekundu mzito na kuanza kubeba magogo, ujue huko juu kumenyesha.

Mimi nina duka dogo upande wa Magarini, na nje nimeweka meza ya kuchaji simu kwa sola. Ndiyo maana, kabla ya maji kuja, mzee wa kijiji alinijia tupange namna ya kupashana habari za mafuriko. "Mwanangu, wewe ndiye unayejua simu ya nani iko hai na ya nani imekufa." Kweli nilijua. Nikachukua daftari la madeni, nikaligeuza upande wa nyuma, nikaandika nyumba moja moja: nani ana simu inayoita usiku, nani hasikii vizuri, nani ana mimba kubwa, nani ana mtoto mchanga. Shangazi yangu anakaa Chakama, juu yetu mtoni. Tukakubaliana akiona maji yanapanda anipigie saa yoyote. Asiye na simu, msikiti utamwamsha kwa kipaza sauti.

Mpango ulikwenda vizuri hata nikajisifu. Shangazi alipiga adhuhuri, na kufika alasiri kila mtu alikuwa na habari. Hakuna aliyehama.

Nilikwenda kwa bibi mmoja, wote tunamwita Hawe, nikiwa na hasira zangu. Nilimkuta mlangoni anachambua kunde. "Hawe, hujasikia?"

"Nimesikia tangu mchana." Akanyoosha midomo kuelekea zizini. "Na hawa nao?"

Mbuzi saba. Mafuriko ya nyuma yake alikwenda nao mpaka shule tuliyohamishiwa, akafukuzwa getini kwa sababu ya kinyesi. Aliowaacha nje waliibiwa usiku. Sasa mimi namwambia nini? Usiku ule vijana walimtoa kwa mtumbwi, maji yakiwa kiunoni, amekumbatia mbuzi wawili. Watano hatukuwaona tena.

Tulikuwa tumetengeneza jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Watu hawakukosa habari. Walikosa pa kuweka mifugo.

Kabla ya masika ya 2024 tulianza upya, na safari hii tulianza na mbuzi. Familia moja yenye shamba mlimani ilitupa kipande chini ya mikorosho. Tukachimbia nguzo, tukazungushia matawi ya miiba. Rangi iliyobaki kwenye kopo dukani kwangu ikatumika kupaka pembe na masikio: nyumba hii mstari mmoja, nyumba ile miwili, mpaka tukaishiwa na mitindo, wengine wakapakwa mgongoni. Vijana walilinda kwa zamu. Ugomvi haukukosekana (kuna beberu mmoja, sitamtaja mwenyewe, aliyewatia adabu mabeberu wote wa kijiji).

Mto ulipopanda tena, shangazi alipiga magharibi. Tulitoa tangazo moja tu: leteni mbuzi. Wenyewe wakafuata nyuma yao. Hawe alitangulia, kuku kwapani, ndoo kichwani. Ndoo hiyo nayo ina kazi yake. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku 2017 hatuna pa kufungia karatasi, kwa hiyo vitambulisho, kadi za kliniki na vyeti vya watoto vinakaa kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko cha kubana, imening'inizwa karibu na mlango.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mahema tuliyoahidiwa na ofisi moja yalifika maji yakiwa yameshashuka. Visima vilijaa tope na vyoo vilifurika, na kuchemsha maji kwa kuni mbichi ni kusumbuana tu, hivyo dawa ya klorini ndiyo iliyotuokoa. Sasa naiweka dukani kabla mvua hazijaanza, maana baadaye haipatikani. Na jambo ambalo wageni hawalifikirii: maji yakishuka, mamba hubaki kwenye madimbwi ya mashambani. Tuliwakataza watoto kuteka maji huko, na kila aliyerudi nyumbani alipiga paa na vitanda kwa fimbo kwanza, nyoka watoke.

Kilichotushinda ni pampu. Wakulima wa nyanya na tikiti wa bondeni huziacha mtoni mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa mto ukianza kujaa ndipo wanaona maji ya bure. Watatu walizipoteza. Tumekaa vikao viwili. Wao wanasema pampu ni nzito kuibeba kila siku, mimi nasema mkokoteni upo. Hawe, ambaye siku hizi ana simu ya mulika mwizi na huileta mezani kwangu kila jioni bila kulipa, anasema tuzipake rangi na pampu.