Ringi za Lister ya baba

Lister yetu, injini ya dizeli, ina nguvu za farasi sita na inakwenda mizunguko 650 kwa dakika, taratibu kiasi kwamba unaweza kuhesabu pigo kwa pigo. Baba aliinunua mtumba, akaifunga kwenye kinu cha mahindi hapa Isyonje, mkoani Mbeya, na kwa miaka mingi mlio wake ndio uliowajulisha akina mama kwamba leo kuna kusaga. Kiwanda cha Dursley, Uingereza, kiliacha kuzitengeneza mwaka 1987. Vipuri vya leo ni vya nakala za Kihindi, nyingi kutoka Rajkot, na kuvipata ni shughuli.

Baba alipofariki, mashine ikaanza kugoma asubuhi. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwa baridi ya Isyonje, kompresheni (huko kubanwa kwa hewa) ikivuja kidogo tu utazungusha hendeli mpaka bega liume. Tulikuwa tunapokezana na mdogo wangu. Ikiwaka, moshi wa bluu, na oili inakunywa kama chai. Nikajua ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zimekwisha. Mwanjelwa, mjini Mbeya, hazikuwepo, nikaagiza Gerezani, Dar es Salaam, nikimtajia muuzaji jina la mashine basi. Zikaja, nikafunga, nikawasha. Ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Nilimlaani yule muuzaji wiki nzima. Mwisho nikapakia silinda na pistoni kwenye Hiace (konda alinitoza nauli ya mtu mzima), nikashuka Mwanjelwa kwa fundi wa lezi (mashine ya kuchongea chuma), mzee wa Kinyakyusa asiyependa haraka. Nikamwamkia, nikaanza kuvitukana vipuri vya Kihindi.

"Mwanangu, umepima?"

Sikuwa nimepima kitu.

Akachukua ringi moja mpya, akaitumbukiza peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa pistoni ili ilale sawa, akaniambia nitazame mwanya kati ya ncha zake. Ukucha wa kidole gumba ulipita. Kwa silinda ya inchi nne na nusu, mwanya hutakiwa uwe karibu nusu milimita. Ule ulikuwa milimita mbili. Kisha akakwangua masizi juu ya pistoni kwa kisu. Zikatokea tarakimu: 020. Kumbe baba aliwahi kuchongesha silinda na kuweka pistoni iliyozidi kwa sehemu ishirini za elfu za inchi, na hakumwambia mtu. Ringi zangu zilikuwa nzima kabisa, saizi ya kiwandani. Muuzaji aliniuzia nilichoomba.

Za 020 hatukuzipata popote. Zikapatikana za 030, na mzee akasema zitafaa nikipunguza ncha kwa tupa: tofauti ya sehemu kumi za elfu za inchi kwenye kipenyo ni kama milimita 0.8 kwenye mzunguko. Kusema rahisi. Unapiga tupa laini ncha moja tu, ukielekea ndani, mara tatu au nne, unairudisha ringi ndani ya silinda, unapima kwa fila (vibati vya kupimia mwanya), unaitoa tena. Ukitanua kwa pupa inakatika kama biskuti; ya kwanza iliniishia mkononi, nikanunua seti nyingine. Kazi ilinila siku mbili. Gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya silinda na kifuniko chake, sikununua: ni ya kopa tupu, niliichoma mpaka ikawa nyekundu, nikaizamisha kwenye maji, ikalainika, ikarudi kazini.

Siku ya kuwasha nilishikilia vali ya moshi wazi, nikazungusha magurudumu yakashika kasi, nikaiachia. Tuku. Tuku, tuku. Mdogo wangu hakupewa hata zamu yake.

Sasa ukutani, juu ya tangi la maji, nimeandika kwa rangi nyekundu: PISTONI 020. RINGI 030, ZIMEPIGWA TUPA. Mama mmoja aliyeleta debe la mahindi aliusoma ule ukuta, akaniuliza kama ndiyo bei mpya.