Siku ya Kupewa Jembe

Kuna ushauri umenichosha: "We kuwa kama ulivyo, wanaokufaa watakuja wenyewe." Mara nyingi anayeusema ni mtu ambaye tayari ana kwao. Ukiwa mgeni, iwe kazini, ukweni au katikati ya marafiki waliojuana tangu utotoni, unagundua mapema kwamba hakuna anayekuja mwenyewe. Unajongea, unarudi nyuma, unajongea tena, nao wanakupima hivyo hivyo. Ni mapatano kabisa, ila hayaandikwi popote na ukimuuliza mtu atakataa kwamba yapo.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya kwaya. Nilijiunga nikiwa mtu mzima, nota sijui, wakaniweka sauti ya pili, kiti cha pembeni karibu na mlango. Walinikaribisha vizuri mno. Kila mazoezi nilipewa nakala safi, wakati wao wanachangia karatasi zilizochakaa, zimejaa alama za kalamu. Nikikosea, mwalimu alitabasamu akatazama upande mwingine. Nisipofika, hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyenikosea adabu hata mara moja, na bado nilikuwa narudi nyumbani mnyonge.

Kisha jioni moja, katikati ya ubeti, mama anayesimama mbele yangu akageuka bila kusubiri wimbo uishe. "Mwanangu, hapo unatushusha. Achana na kinanda, nisikilize mimi." Akageuka tena mbele na kudakia pale pale wenzake walipofika. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenionea huruma. Mazoezi yalipokwisha aliichukua ile nakala yangu safi akaichora mishale kwa penseli: juu, chini, juu, vuta pumzi hapa. Mshale mmoja aliukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Sijui kama amewahi kujua alivyonifurahisha.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kawaida tunasema kwa niaba ya mwenyeji aliyechoka kulisha. Mimi naona anayefaidika zaidi ni mgeni. Asipopewa jembe ataendelea kukalia kiti kizuri akiangalia wenzake wakitoka jasho, na heshima zote anazofanyiwa zitazidi kumkumbusha kwamba ataondoka.

Kuachwa nje si jambo dogo, hata kwa watu tusiowajua. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa bustanini na mbwa wake pale kisahani cha kurushiana cha watu wawili kilipomfikia. Akawarudishia, wakamrushia, wakacheza watatu kwa muda. Halafu, bila neno, wakaacha kumrushia. Ilimuuma kiasi kwamba tukio hilo alikuja kuligeuza kuwa utafiti, baadaye kwa mchezo wa kompyuta: unarushiana mpira na wawili wengine mpaka wanaanza kukuruka. Mwaka 2003, Naomi Eisenberger akishirikiana naye alichunguza ubongo wa watu walioachwa hivyo, wakaona shughuli ikiongezeka katika sehemu ambayo pia huhusishwa na adha ya maumivu ya mwili. Mwaka uliofuata jaribio lingine likaonyesha kwamba hata waliojua kabisa kuwa wanacheza na kompyuta walijisikia vibaya. Kompyuta! Sasa wewe unajilaumu kwa nini umeumia wenzako wa idara walipotoka wote mchana bila kukwambia.

Ubaya ni kwamba ukishaumia, unaanza kukisoma kila kitu kama ushahidi. Salamu fupi, ujumbe usiojibiwa, vyote vinakuwa hukumu. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walilishughulikia hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja Marekani walitumia kama saa moja tu wakisoma maelezo ya waliowatangulia, kwamba nao mwanzoni walijiona si wa pale na hali hiyo ikapita. Katika miaka 3 iliyofuata alama za wanafunzi weusi zilipanda, na pengo kati yao na wenzao weupe likapungua kwa nusu. Hawakupewa marafiki. Walichopata ni kujua kwamba wasiwasi ule haukuwa wao peke yao.

Ila sitaki kuifanya hadithi hii kuwa tamu. Kundi kuwa kundi ni rahisi sana. Mnamo 1970 Henri Tajfel alichapisha jaribio ambamo wavulana waliambiwa wamegawanywa kwa kufuata wanapenda michoro ya msanii Klee au ya mwenzake Kandinsky. Kumbe waligawanywa kwa bahati nasibu. Walipopewa nafasi ya kugawa zawadi za fedha, waliwapendelea wa kundi lao, tena wengine walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu alimradi lile lingine lizidiwe zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia "sisi tuko kama familia", huwa nauliza kimoyomoyo: na nani yuko nje? Nimeona pia kwamba walinzi wakali wa mlango mara nyingi ni walioingia juzi.

Na kuna bei. Kila kundi linataka kipande chako, na ukitoa vyote hutabaki na wa kukubaliwa. Kwaya wanataka Jumamosi zangu, na Jumamosi ni za baba, ambaye anaumwa. Nilipowaambia, kulikuwa na baridi kidogo. Mmoja alisema kwaya haina nusu mwanachama. Nikajitolea kutunza nakala: kuzitoa, kuzipanga, kugundisha zilizochanika. Nilikuwa nalipa deni, sikuficha, nao walielewa.

Deni halijaisha. Juzi mwalimu alisema mbele ya wote kwamba sauti ya pili ina watu wanaojipangia ratiba. Alikuwa ananisema mimi, na kila mtu alijua. Nikamjibu kwamba baba hajapata nafuu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi niwe nafika nusu saa mapema Jumanne, nifundishwe yaliyonipita. Nimekubali robo saa. Yule mama wa mishale anasema itakuwa dakika ishirini, na atakuja mwenyewe kuhakikisha.