Shimo la kumi na moja

Jumapili usiku. Viganja vimetoka malengelenge na bega la kulia halinyanyuki vizuri, ila leo nimesimamisha nguzo ya 15 ya uzio wangu mpya. Bustani yangu hapa Luchelele, Mwanza, ni mita 15 kwa 15, nguzo kila baada ya mita mbili na nusu, kwa hiyo zote ni 24. Nachimba mwenyewe.

Uzio wa kwanza niliwalipa vijana. Walimaliza kwa siku moja, nikawashukuru na kuwaongezea hela ya soda. Masika yalipokolea mbuzi wakawa wanajikuna kwenye nguzo, moja ikalala, waya ukaivuta na ya pili yake. Asubuhi nikakuta mchicha umeliwa hadi shina na sukuma wiki imebaki vijiti. Ile nguzo niliing'oa kwa mkono mmoja. Ilikuwa imezikwa shibiri moja na nusu, udongo umerudishiwa juu juu bila kushindiliwa. Nililia siku ile, na si kwa ajili ya mchicha. Nilikuwepo wakati kazi inafanyika. Niliangalia jinsi nguzo zilivyonyooka kwenye kamba, sikuinama kuangalia shimo hata moja.

Safari hii nimeazima mtaimbo kwa jirani, na nina kopo tupu la maziwa. Basi. Jembe silitumii kwenye shimo la nguzo, maana linafungua mdomo mpana kama beseni, halafu nguzo inazungukwa na udongo uliovurugwa badala ya ardhi iliyolala tangu zamani. Unapiga mtaimbo wima, unauzungusha, udongo unalegea, unauchota kwa kopo. Mwanzo unachuchumaa. Baadaye unapiga magoti. Ukifika nusu ya shimo hakuna namna, unalala kifudifudi, shavu chini, unaendelea hadi mkono uingie wote, mpaka kwapani. Hapo ndipo kina ninachokitaka, sentimita 65 hivi, theluthi ya nguzo ya mita mbili. Juu jua linakuchoma mgongo, huku vidole vinagusa ubaridi kama wa mtungi. Nimelima hapa miaka mitano na sikuwahi kuugusa ubaridi huo.

Huku juu ni mchanga, ule ambao Wasukuma wanauita luseni. Ukikauka shimo linajibomokea lenyewe, kwa hiyo naanza shibiri moja jioni, namwagia nusu ndoo ya maji, asubuhi naendelea. Chini yake kuna tabaka gumu la kijivu linalofanya mtaimbo urudi mkononi bila kuleta kitu. Kumbe ndilo lililokuwa linazuia maji na kuozesha nyanya zangu kila masika! Nilikuwa nalaumu mbegu. Chini zaidi udongo unageuka kuwa punje punje zinazometameta, jiwe lililooza, unalivunja kwa vidole kama biskuti.

Shimo la 11 lilifika kwenye hizo punje, kisha mtaimbo ukalia ngi! Nikahamisha ncha upande mwingine, ngi. Upande wa tatu, ngi. Nilihangaika nalo saa nzima kwa ukaidi, hadi mzee mwenye mtaimbo akasikia na kuja. Miaka mingi aligonga kokoto huko milimani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Hebu nipe."

Akaupiga mara mbili, taratibu, kichwa kimeinama kama anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Jiwe la kutoka linatoa sauti nzito, na linatingishika. Hili linaimba. Hili limekaa na ndugu zake." Akaniambia walivyokuwa wakifanya kazini: unawasha moto mkubwa juu ya jiwe, likipata moto sawasawa linabanduka vipande bapa kama maganda ya kitunguu. "Lakini kuni zote hizo kwa nguzo moja, hapana. Sogea."

Nilikaa pembeni ya shimo nikatazama vilima. Haya mawe ya Mwanza tunayopigia picha, Bismarck likiwa la kwanza, yaliyopandana kama yamepangwa na mtu, wajuzi wa miamba wanasema mengi yalianzia chini. Maji yalipenya kwenye nyufa za mwamba, yakaozesha kingo na kuacha viini vigumu vya mviringo, kisha mvua za miaka isiyohesabika zikaondoa udongo, viini vikabaki juani. Basi hili langu ni mdogo wao. Bado limefunikwa. Hasira ikaniisha. Nilifukia shimo lile kwa mikono, nikasogea hatua moja kuelekea ndani, na uzio wangu sasa una kona mahali ambapo haukupaswa kuwa na kona.

Nguzo ni za mkaratusi. Wengi hupaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, mimi nimekataa kwa sababu mita moja kutoka pale kuna mboga ambazo watu watakula. Nimechoma miguu ya nguzo kwenye moto hadi ikawa nyeusi, unene wa ukucha. Mchwa watafika tu siku moja, ila natumaini watachelewa.

Kushindilia ndiko kunakonichosha kuliko kuchimba. Unatia udongo kiasi cha vidole vinne, unaushindilia kwa kitako cha mtaimbo kuzunguka nguzo, ndipo unatia mwingine. Mwanzo sauti ni ya kutwanga pamba, mwisho ni ya kugonga sakafu. Mzee aliisukuma nguzo ya 11 kwa bega lake lote. Haikusogea.

"Wabeja, mayu," akasema, yaani asante, mama, akaondoka na kuniachia mtaimbo hadi Jumamosi.

Yamebaki mashimo tisa. Yote nimeyaanza na kuyamwagia maji, nikayafunika kwa vipande vya bati ili vifaranga visitumbukie. Kabla ya kulala nitapitisha tochi tena, upepo wa ziwa umeanza kuvuma na bati la pembeni nalisikia linagonga.