Fedha Chumbani Hotelini: Hesabu Kwanza, Ndipo Ufunge

Mwizi wa hotelini ni nadra kuvunja mlango. Anayechukua fedha chumbani kwa kawaida ana ufunguo, au ameukuta mlango haukushika vizuri, na mara nyingi hachukui zote. Kwenye bahasha yenye noti ishirini huchomoa mbili tatu, akairudisha bahasha kama alivyoikuta. Mwenyewe anakuja kushtuka siku kadhaa baadaye, pengine yuko mji mwingine, na anaanza kujiuliza kama hakuzitumia yeye mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutafuta pa kuficha, panga utakavyojua kwamba fedha zimeguswa.

Hesabu noti na uandike idadi kwa kila thamani: noti 8 za mia, noti 6 za hamsini, na kadhalika. Zile kubwa zipige picha namba zake. Zitie kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, weka sahihi yako ikipita juu ya kifuniko na mwili wa bahasha, kisha bandika selotepu angavu juu ya sahihi hiyo. Anayejaribu kuibandua ataondoka na wino au atachana karatasi. Piga picha bahasha ikiwa imefungwa. Simu yenyewe itahifadhi tarehe na saa. Kazi yote ni dakika tano, na orodha hiyo ndiyo polisi na kampuni ya bima watakayoiuliza kwanza.

Halafu gawa. Matumizi ya leo yakae kwenye pochi ya kawaida. Akiba ya dharura, inayotosha walau nauli ya kurudi na usiku mmoja wa kulala, ikae mwilini, ndani ya mkanda wa fedha unaovaliwa chini ya nguo. Zinazobaki ndizo za kufungiwa. Ukiwa na kadi mbili za benki, moja ikitembea nyingine ibaki. Kuziweka zote kwenye pochi moja ni sawa na kuwa na kadi moja tu.

Sasa sefu ya chumbani. Watu huiamini kupita kiasi au huikataa kabisa, na pande zote mbili zinakosea. Sefu hii inamzuia mpita njia, mtoto wa chumba cha jirani, na mfanyakazi aliyeshawishika kwa kuona fedha mezani. Haimzuii mwenye namba kuu ya hoteli, ile inayofungua sefu hata bila namba ya mgeni. Ipime ikiwa tupu kabla hujaweka kitu.

Ishike kwa mikono miwili uivute. Sefu nyingi za kabatini mtu mmoja anazibeba bila shida, na kinachozizuia zisiondoke ni bolti zinazopita kwenye matundu ya chini au ya nyuma. Ikisogea, bolti hazipo. Wakati mwingine zipo, ila zimekaza kwenye ubao mwembamba wa rafu, nao ukivutwa kwa nguvu hung'oka na bolti zake.

Kisha weka namba yako, funga, na ujaribu kuifungua kwa 000000, halafu 999999, halafu 111111. Hizi ni miongoni mwa namba kuu zinazotoka na sefu kiwandani, na baadhi ya hoteli hazizibadilishi kamwe. Usijaribu nyingi mfululizo: ukikosea mara tatu au nne, sefu nyingi hujifunga kwa dakika kadhaa. Ikifunguka kwa namba ambayo si yako, waambie mapokezi, na usiitumie kwa fedha hata wakiahidi kuishughulikia.

Jaribio la tatu huwashangaza wengi. Katika sefu za bei rahisi, komeo huzuiwa na kipini kidogo kinachovutwa na sumaku ya umeme na kurudishwa na springi. Ukilipiga paa la sefu kwa ngumi huku unazungusha kishikio, kipini huruka kwa nukta moja na mlango unaachia. Jaribu mara chache. Ikifunguka kwa ngumi, hiyo ni droo yenye vitufe.

Angalia pia kibati cha nembo katikati ya mlango. Mara nyingi nyuma yake kuna tundu la ufunguo wa dharura. Kuwapo kwake si kosa, kwa sababu betri zikifa (nyingi hutumia nne ndogo za AA) lazima kuwe na njia ya kufungua. Kibati kikiwa kinalegea au skrubu yake imekwaruzwa, mtu amekuwa akipitia huko. Na sefu ikianza kulia au kuwasha taa nyekundu kila unapoifungua, omba betri mpya siku hiyohiyo, usingoje alfajiri ya safari.

Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wala namba ya chumba. Kuna jambo jingine linalosahaulika: vidole vyenye mafuta ya kujipaka huacha alama kwenye vitufe. Mtu akiona vitufe vinne vimechafuka, amebakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Chagua tarakimu sita kama sefu inaruhusu, na ukishafunga pangusa vitufe vyote kwa kitambaa. Sefu inayofungwa kwa kupitisha kadi, ifunge kwa kadi isiyo na thamani, isiwe ya benki.

Ndani, usiache pete na hereni zikitapakaa. Zitie kwenye kifuko chenye rangi kali, maana sefu ina giza na vitu vidogo hujificha kwenye kona za nyuma. Hatari kubwa ya sefu, kwa kweli, ni mgeni kuondoka akavisahau vitu vyake humo. Dawa yake ni kuweka ndani kiatu kimoja kati ya vile utakavyovaa siku ya kuondoka.

Mimi ningeweka humo pasipoti, kadi ya akiba, na kiasi cha fedha ambacho kikipotea safari bado inaendelea. Zaidi ya hapo, peleka mapokezi.

Mapokezi kuna aina mbili. Hoteli nyingine zina visanduku vya funguo mbili: mmoja unakaa nao wewe, mwingine mtunza fedha, na kisanduku hakifunguki bila zote mbili. Ukiupoteza wako, kitasa hutobolewa kwa gharama yako. Hoteli nyingine huchukua bahasha na kuifungia kwenye sefu kubwa ya ofisini. Hapa risiti ndiyo kila kitu. Risiti inayosema "bahasha moja iliyofungwa" inathibitisha bahasha tu, haithibitishi hata noti moja. Hesabuni pamoja na anayeipokea, ufunge mbele yake, na risiti itaje kiasi, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Wakikataa kuandika kiasi, waombe wasaini nakala ya orodha yako. Uliza pia saa za kufungua: mtunza fedha akishaondoka usiku, sefu ya ofisini huenda isifunguliwe hadi asubuhi, na ndege yako ni saa kumi na moja alfajiri.

Kukabidhi kuna uzito wa kisheria vilevile. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha fidia ambayo hoteli inalipa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1956 inataja paundi 50 kwa kitu kimoja na 100 kwa jumla, kiwango ambacho leo hakinunui hata simu nzuri. Ujerumani huhesabu mara 100 ya bei ya chumba kwa siku, isipungue yuro 600 wala kuzidi 3,500, lakini kwa fedha na vito kikomo cha juu ni yuro 800. Vikomo hivyo huondoka ikiwa kosa ni la hoteli au wafanyakazi wake, au ikiwa mali ilikabidhiwa kwao itunzwe. Kufungia kitu kwenye sefu ya chumbani mara nyingi hakuhesabiwi kuwa kukabidhi. Tangazo dogo lililobandikwa nyuma ya mlango au mapokezi, lile lisilosomwa na mtu, huwa linaeleza hayo.

Kuhusu mlango: ukitoka, uvute ufunge, kisha usukume kuhakikisha. Milango yenye springi dhaifu husimama sentimita moja kabla ya kushika. Ukiwa ndani, funga komeo la ziada, na ujaribu mlango wa pembeni unaounganisha vyumba. Vitasa vya kadi navyo si ngome. Mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani namna aina moja iliyoenea inavyofunguliwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini yake, na mwaka 2024 watafiti walitangaza udhaifu uliogusa zaidi ya milango milioni tatu katika nchi 131.

Kadi ikipotea, sema unataka ufunguo mpya, usiseme nakala. Nakala huiacha ile iliyopotea ikiendelea kufanya kazi. Hata kadi mpya, katika vitasa vingi visivyounganishwa na mtandao, huiua ya zamani pale tu inapotumika mlangoni kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nenda ukafungue mlango nayo mara moja. Na usitembee na ile bahasha ya kadi iliyoandikwa namba ya chumba.

Begi lenye zipu halilindi fedha, kufuli liwe zuri namna gani. Ncha ya kalamu ikisukumwa kati ya meno ya zipu huyafungua, na vishikio vilivyofungwa kufuli vikipitishwa tena huyafunga bila alama. Makufuli yenye nembo ya TSA, idara ya Marekani inayokagua mizigo viwanja vya ndege, yana funguo kuu ambazo picha zake zilivuja, na tangu 2015 michoro ya kuzitengeneza kwa printa ya 3D iko kwenye intaneti. Sanduku gumu lenye fremu na klipu badala ya zipu ni afadhali, likifungwa kwa waya wa chuma kwenye kitu kisichobebeka.

Maficho ya kienyeji niyapitie haraka. Chini ya godoro na ndani ya foronya: shuka zinabadilishwa kila mara, na noti zako zitakwenda kufuliwa. Kapu la taka linamwagwa. Tangi la choo na tundu la kiyoyozi ndiko anakotazama kila aliyewahi kusikia mashauri kama hayo.

Ukigundua wizi, usiendelee kuingia na kutoka. Kitasa cha kadi huhifadhi kumbukumbu ya funguo zilizofungua mlango pamoja na saa, lakini nafasi yake ina kikomo na kila ufunguzi mpya husukuma wa zamani nje. Sefu nyingi za kielektroniki zina kumbukumbu kama hiyo. Muite meneja wa zamu, umwombe kwa maandishi zote mbili zisomwe mbele yako, na picha za kamera za ukumbini zihifadhiwe, maana nazo hufutwa na mpya baada ya siku chache au wiki. Usimtaje mtu kabla ya hapo. Mhudumu wa vyumba ndiye hulaumiwa wa kwanza, na kumbukumbu ya kitasa inaweza kuonyesha kwamba saa hiyo hakuwapo kabisa.

Zuia kadi za benki, kisha nenda polisi. Bima nyingi hutaka taarifa itolewe ndani ya saa 24, na nyingi hazilipi fedha taslimu zilizoachwa bila kufungiwa, au hulipa kiasi kidogo tu. Ondoka kituoni na nakala yenye muhuri na namba ya jalada, kwa sababu kuifuatilia ukiwa umeshafika kwenu kunaweza kuchukua miezi.